Mwongozo kamili wa kukaa ufuoni Rusinga, Takawiri au Mfangano kwa bajeti ndogo

Mtu wa Kisumu, Nakuru au Kakamega akipata siku tatu za mapumziko na akatamani mchanga, mawazo humpeleka Diani au Watamu, kisha umbali na nauli vinamrudisha nyumbani. Wakati huohuo, katika Kaunti ya Homa Bay, kusini kidogo tu ya ikweta, kuna visiwa vya Ziwa Victoria vyenye fuo, jua la mwaka mzima na vyumba vya bei nafuu ambavyo milango yake hutazama maji. Rusinga, Takawiri na Mfangano haviigi Pwani. Maji yake hayana chumvi, samaki wake ni ngege na mbuta, na usiku utasikia injini za boti za uvuvi mahali ambapo Pwani ungesikia muziki wa hoteli kubwa. Natamani sana watu wa upande huu wazijue fuo zao, lakini wazijue kwa mpango, kwa sababu kisiwa cha ziwani hakimsamehe aliyekurupuka.

Wengi huanza kwa kutafuta chumba. Kisiwani unaanza na boti. Boti ndiyo inayoamua utatoka nyumbani saa ngapi, utalala wapi usiku wa kwanza, utabeba nini na utarudi lini. Chumba kinafuata.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa kwa jinsi kinavyofikiwa

Rusinga imeunganishwa na mji wa Mbita kwa daraja. Gari, matatu au bodaboda inakufikisha hadi mlangoni mwa hoteli, na dharura ikitokea usiku unaondoka usiku huohuo. Kwa familia yenye mtoto mchanga, mzazi mzee au mtu anayeogopa maji, nenda Rusinga bila kusitasita. Kasoro yake ni kwamba sehemu kubwa ya ufuo ni mawe, matete na vituo vya wavuvi. Mchanga mzuri upo vipande vipande, kwa hiyo hoteli utakayochagua ndiyo itakayoamua kama utauona.

Takawiri ni kisiwa kidogo kati ya Mbita na Mfangano, na kwa mchanga mweupe hakuna kinachokishinda hapa karibu. Lakini malazi ni ya kuhesabu, maduka ni machache, na ukisahau kitu Mbita umekisahau kweli.

Mfangano ni kikubwa na cha milima. Kilele chake, Kwitutu, kinakaribia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko kama mita 1,134. Kituo chake kikuu ni Sena, penye ofisi za serikali, soko na huduma ya afya. Anayetaka kupanda mlima, kuona michoro ya kale ya miambani na kukaa na wenyeji atapata mengi Mfangano kuliko kwingine.

Kwa anayeenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni huu: usiku wa kwanza lala Mbita au Rusinga, kisha asubuhi uvuke. Kulazimisha kutoka Nakuru alfajiri na kufika Mfangano siku hiyohiyo kunawezekana, ila kunakuweka majini alasiri, na hiyo ndiyo saa mbaya.

Hatua ya 2: Panga barabara na boti

Kutoka Kisumu kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanda matatu hadi Luanda Kotieno, upande wa Rarieda katika Kaunti ya Siaya, kupitia Ndori, kisha kuvuka kwa feri hadi Mbita. Feri hiyo hubeba abiria na magari, na safari huchukua kama saa moja. Ya pili ni ya barabara tupu: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu Mbita, lami mwanzo hadi mwisho. Anayetoka Nakuru kupitia Kericho hana haja ya kuingia Kisumu mjini. Anashuka Ahero na kuunganisha hapo.

Ninaipenda njia ya feri kwa sababu unaanza kupumzika kabla hujafika, lakini ina sharti lake: ukikosa feri ya mwisho ya jioni, unalala Luanda Kotieno au unarudi. Ratiba hubadilika, hivyo usitegemee picha ya ratiba iliyosambazwa mwaka jana. Piga simu hotelini siku moja kabla, uulize ya kwanza inaondoka saa ngapi na ya mwisho saa ngapi, kisha ulenge ile iliyo kabla ya ya mwisho.

Kutoka Mbita kwenda Takawiri na Mfangano kuna boti za abiria zenye ratiba, zikiwemo za kampuni ya Waterbus, na kuna boti za mbao zenye injini zinazoondoka zikijaa. Za ratiba ni ghali kidogo, lakini zinafuata saa na zina jaketi za kuokolea maisha. Hapa usibane pesa. Ukikodi boti peke yako, patana bei ya kwenda na ya kurudi kabla ya kupanda, ukubaliane ni boti nzima au ni kila mtu, na ulipe nusu tu hadi siku ya kurudi.

Sasa upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, na upepo wa ziwa unavuma kuelekea nchi kavu. Kadiri alasiri inavyosonga ndivyo mawimbi yanavyokua. Usiku mambo hugeuka, na mvua ya radi inaweza kuanguka ziwani usiku wa manane na kuendelea hadi alfajiri. Kwa hiyo dirisha zuri la kuvuka ni asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, ikiwa usiku haukuwa na dhoruba. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, hasa kwa ajili ya wavuvi, nawe usome. Ukifika gatini msalimie nahodha na kumuuliza, "Mzee, ziwa leo likoje?" kabla ya kuuliza nauli. Akisema tungoje, ngoja. Akisema twende huku boti nyingine zote zimefungwa, tafuta mwingine.

Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake, na kilikuwa hatua chache tu kufika gati. Kwa hiyo hesabu watu kabla ya kuingia. Vaa jaketi na uifunge, usiikalie. Boti ikikaribia gati kaa ulipo, kwa sababu abiria wote wakiinuka na kukimbilia upande mmoja ndipo chombo hulala. Na kwa mtoto, omba jaketi la saizi yake unapolipia, kwani la mtu mzima humtoka kichwani akiingia majini.

Hatua ya 3: Chagua tarehe

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, mvua fupi huja Oktoba hadi Desemba. Januari, Februari, na Juni hadi Septemba kwa kawaida mvua hupungua.

Ila kuna kalenda nyingine ambayo wageni hawaijui, ya omena, yaani dagaa wa ziwani. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, wakitumia taa kuwavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na wengi hupumzika. Ukitaka kuona ziwa lote limewaka taa kama mji, chagua siku za mwezi mwandamo. Siku hizohizo ndizo wingu la vijidudu vya ziwa hupenda kutokea, wale wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Zima taa ya barazani nao watahama. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane: taa hazipo, na fuo nyingi hazina nyavu za kuanikia.

Katikati ya wiki ni bora kuliko wikendi, na sababu yake si watalii. Mazishi mengi ya upande huu hufanyika Jumamosi. Kuanzia Alhamisi matatu hukodishwa kwa msafara, nauli inapanda, na vyumba vya Mbita na Homa Bay hujaa waombolezaji waliotoka mbali. Desemba nayo watu hurudi nyumbani na Rusinga huwa na tamasha lake la utamaduni, hivyo weka chumba mapema au uende Januari.

Hatua ya 4: Ihoji hoteli kabla ya kutuma hata shilingi

Picha za ufuo zina umri. Mei 2020 kiwango cha Ziwa Victoria kilivunja rekodi ya mwaka 1964, na maji yakameza fuo, bustani na hata nyumba za watu pande zote za ziwa. Hoteli inaweza kuwa bado inaonyesha picha ya mchanga mpana uliokuwepo mwaka 2018. Omba video ya leo. Bora zaidi, piga simu ya video saa kumi alasiri, umwombe mhudumu atembee kutoka mlango wa chumba hadi ukingo wa maji bila kukata. Katika dakika hizo mbili utaona umbali, mawimbi, matete na magugu maji kama yapo.

Kisha andika ujumbe wa namna hii:

"Habari za asubuhi. Natoka Nakuru na familia, watu wazima wawili na watoto wawili. Tungependa kulala siku mbili kuanzia Jumanne. Naomba kujua: bei ni ya chumba au ya kila mtu? Imejumuisha kiamsha kinywa na kodi zote? Chumba kina chandarua kizima? Maji ya kuoga yanatoka wapi, na umeme ni wa saa ngapi hadi saa ngapi? Mbele ya hoteli wavuvi hushusha samaki? Ziwa likichafuka tusiweze kuvuka, tarehe inaweza kusogezwa bila faini? Asante sana."

Hilo la wavuvi usiliache. Ufuo wa kushushia samaki una uhai wa ajabu kuanzia saa kumi na moja alfajiri: injini, mnada, korongo, nyavu zilizojaa omena zinazokauka. Mtoto wa mjini atajifunza mengi pale. Aliyekuja kulala hadi saa tatu atateseka. Hakuna kosa kwa upande wowote, ila ni vizuri ujue unanunua nini.

Hilo la kodi nalo lina uzito. Hoteli iliyosajiliwa hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, pamoja na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Bei uliyoambiwa kwa simu ikiwa haijajumuisha, shilingi 3,000 zinakuwa 3,540 kwa usiku. Na "kwa kila mtu" ikiwa na watu wanne ni hesabu tofauti kabisa na "kwa chumba". Waulize pia watoto wa umri gani hulala bure.

Ukiona chumba kwenye tovuti za kuweka nafasi, tafuta simu ya hoteli yenyewe na uulize bei ya moja kwa moja. Tovuti hukata kamisheni, na mwenye hoteli ndogo mara nyingi yuko tayari kukupunguzia sehemu ya hiyo. Lipa malipo ya awali kwa namba ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara, si kwa simu ya mtu binafsi. Jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha ndilo ulinganishe na jina la hoteli. Thuluthi moja inatosha.

Hatua ya 5: Gawanya pesa

Kisiwani chumba si ndicho kinachokula pesa nyingi. Kinachokula ni usafiri wa majini na chakula, kwa sababu ukishafika huna hoteli ya jirani ya kukimbilia. Andika mafungu matano: barabara kwenda na kurudi, boti kwenda na kurudi, chumba, chakula, na usiku mmoja wa ziada. Hilo la mwisho si anasa. Ziwa likikataa asubuhi ya kurudi, unahitaji chumba na milo ya siku moja bila kumpigia shemeji simu. Kama mafungu manne ya kwanza yanamaliza pesa zako zote, punguza usiku mmoja badala ya kufuta fungu la tano. Na usipange kurudi siku ileile yenye mtihani, miadi ya hospitali au zamu ya kazi.

Toa pesa taslimu Kisumu au Homa Bay, za noti ndogo. Mawakala wa M-Pesa wapo visiwani, lakini wanaweza kuishiwa na pesa mkononi, na mtandao ukilala kila kitu kinalala nao.

Kwa chakula, agiza mapema. Samaki mzima wa kukaanga au wa kuchemsha huchukua muda kwa sababu hupikwa ukishaagiza. Mwambie mama wa jikoni asubuhi unachotaka jioni, naye atamtuma mtu kwa wavuvi. Hoteli nyingi ndogo hukubali upeleke samaki uliyenunua mwenyewe ulipie upishi tu, na hapo ngege mzuri hukujia kwa bei ya ufuoni. Pamoja na ugali na osuga, yaani mboga ya mnavu, huo ni mlo ambao Diani hawana.

Hatua ya 6: Afya, na hapa tafadhali soma polepole

Kichocho kipo Ziwa Victoria. Konokono wadogo wa maji wanaoishi kwenye matete na maeneo yaliyotulia hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu, hata bila kidonda. Huwezi kuviona. Huwa vingi zaidi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana. Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kwamba ufuo fulani ni salama kabisa, hata mwenye hoteli akiapa. Unachoweza ni kupunguza hatari: usiogelee wala kutembea majini penye matete, magugu, ufuaji nguo au choo karibu. Kama ni lazima uogelee, mwombe nahodha akupeleke kwenye kina kirefu mbali na ufuo, ukiwa na jaketi, na uulize kwanza kuhusu mamba na viboko. Maji ya kuoga yaliyotolewa ziwani yakikaa kwenye tangi lililofunikwa kwa siku mbili kamili, vijidudu hivyo huwa vimekufa. Kuchemsha nako huviua.

Watoto watataka kuingia majini kila dakika. Kubalianeni kabla ya kuondoka nyumbani: mchanga ni wao siku nzima, maji ni kwa ruhusa. Ikibidi, beba beseni kubwa na uwajazie maji ya tangi.

Malaria nayo. Ukanda wa ziwa ndio wenye maambukizi makubwa zaidi nchini, na anayetoka nyanda za juu kama Nakuru hana kinga ya mwili aliyonayo mwenyeji. Muone daktari au mfamasia kabla ya safari uulize kuhusu dawa ya kinga, hasa kwa mjamzito na mtoto. Lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu kuanzia jua linapotua, paka dawa ya kufukuza mbu. Rusinga ndiko watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye kampasi hapo Mbita, walikofanya mradi wa mitego ya mbu inayotumia sola. Kama wanasayansi walikichagua kisiwa hicho kupambana na mbu, wewe nawe wachukulie mbu wake kwa uzito.

Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Nunua dumu Mbita kabla ya kuvuka. Usitembee ukingoni usiku bila tochi wala mwenyeji, kwa kuwa viboko hutoka kula majani gizani.

Mzigo uwe mwepesi: tochi, betri ya akiba ya simu, kofia, krimu ya jua, dawa zako za kila siku kwa siku mbili zaidi ya safari, na mfuko usiopitisha maji wa kufungia simu na nguo, maana boti hurusha maji.

Hatua ya 7: Ukishafika

Siku ya kwanza usifanye lolote. Ya pili, ukiwa Rusinga, nenda Kasawanga kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa kwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Kisiwa hichohicho ndiko Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Kwa Mfangano, panga nusu siku ya makumbusho ya jamii ya Abasuba na michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Wenyeji wanaiheshimu michoro hiyo, na sehemu zake zimekuwa mahali pa matambiko. Nenda na kiongozi wa hapo, lipa ada yake bila kubishana, usiguse mwamba. Asubuhi ukikutana na wazee njiani, "Oyawore", salamu ya asubuhi ya Kijaluo, inafungua mazungumzo haraka kuliko kitu kingine chochote.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mvuvi au mama anayeanika omena. Wako kazini.

Hatua ya 8: Kurudi, na wiki zinazofuata

Jioni ya mwisho thibitisha boti ya asubuhi, lipa deni lote la hoteli usiku huohuo, na ulale mzigo ukiwa umefungwa. Usiache malipo hadi alfajiri, mtunza fedha akiwa hajaamka na boti inapiga honi.

Homa ya malaria inaweza kujitokeza kuanzia siku ya saba hivi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine wiki kadhaa baadaye. Mtu yeyote wa safari yenu akipata homa, kuumwa kichwa au kutapika katika mwezi huo, apimwe siku hiyohiyo, asinywe tu dawa ya maumivu. Mwambie daktari wazi kwamba mlikuwa ziwani, kwa sababu Nakuru au Eldoret huenda asiulize. Kama mtu aliingia majini, aende hospitali baada ya wiki sita hadi nane, hata akiwa hana dalili, aelezwe kuhusu kipimo cha kichocho na dawa ya praziquantel. Ukienda mapema kuliko hapo kipimo kinaweza kusema huna, na dawa haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako sasa, unapoandika tarehe ya safari.